Wimbi, Kunde na Mahindi: Majina ya Mazao kama Ushahidi wa Chimbuko la Kilimo Bungoma na Kitale

Utangulizi

Wanafunzi wa vizazi kadhaa waliosoma Historia chini ya mtaala wa 8-4-4 nchini Kenya walifundishwa kwamba kilimo kilianzia Mesopotamia na Misri, kandokando ya mito ya Tigris, Euphrates na Nile. Mafundisho hayo si ya uongo. Ngano na shayiri zilianza kulimwa Mashariki ya Kati yapata miaka 10,000 iliyopita au zaidi. Kasoro yake ni kwamba mwanafunzi wa Bungoma aliyekunywa uji wa wimbi alfajiri kabla ya kwenda darasani hakuambiwa kuwa nafaka iliyomo kikombeni mwake haikutoka Mesopotamia wala Misri. Ilitokana na nyasi za porini za Afrika Mashariki, na waliozigeuza nyasi hizo kuwa chakula walikuwa wakazi wa nyanda hizi za juu.

Makala haya yanaeleza jinsi mazao matatu, yaani kunde, wimbi na mahindi, yalivyopata makao katika eneo la Bungoma na Kitale. Mashahidi wanaotumika ni wawili: mbegu zilizochimbuliwa ardhini, na majina yanayotumiwa na watu wanaozila. Shahidi wa kwanza ni wa wanaakiolojia. Wa pili ni wetu sisi wa taaluma za lugha, na aghalabu tumemwacha akae kimya. Inadaiwa hapa kwamba majina ya mazao hayo matatu yamehifadhi tabaka tatu za historia ya kilimo magharibi mwa Kenya, na kwamba tabaka la kati, lile la wimbi, ndilo lililo katika hatari kubwa ya kufutika.

Kufuga mmea

Istilahi moja inahitaji kujadiliwa kwanza. Kitendo cha binadamu kuchukua mmea wa porini na kuubadili hatua kwa hatua hadi ushindwe kuishi bila yeye hakina jina moja lililokubalika katika Kiswahili. Wanyama hufugwa, mimea hupandwa, hulimwa, hustawishwa. Lakini kupanda si sawa na kufuga. Mtu anaweza kupanda mbegu za mwitu mwaka baada ya mwaka, nazo zikabaki za mwitu. Makala haya yanatumia kitenzi *kufuga* kwa mimea vilevile. Huenda matumizi hayo yakalikwaruza sikio, ila lugha yenyewe imekwisha kuyawekea msingi: neno *mwitu* hutumika kwa pande zote mbili, nguruwe mwitu na mchicha mwitu, na kinyume cha mwitu kwa mnyama ni wa kufugwa.

Ufugaji wa nafaka hutokea hivi. Katika nyasi za mwitu, suke likikomaa mbegu hupukutika zenyewe na kutawanyika. Ndiyo njia yao ya kuzaana. Mara chache huzuka mmea wenye hitilafu ya kurithi, ambao mbegu zake hushikilia sukeni. Porini mmea huo hauna maisha marefu. Lakini mvunaji anayekuja na kisu atakuta mbegu nyingi kwenye masuke yenye hitilafu kuliko kwenye mengine, maana yale mengine yamekwisha kumwaga. Atakazopeleka nyumbani, na atakazopanda msimu ujao, zitakuwa nyingi za aina hiyo. Hakukusudia kuchagua, lakini amechagua. Baada ya vizazi vingi, shamba zima huwa la mimea isiyojua kumwaga mbegu zake, na ambayo bila mkono wa mtu haiwezi kujipanda.

Kunde: jina lililosafiri

Katika Kaunti ya Busia, si mbali na mpaka wa Bungoma, upo mwamba wa Kakapel katika vilima vya Chelelemuk. Mwamba huo unajulikana sana kwa michoro yake ya kale. Chini yake kuna udongo uliorundikana kwa takribani miaka 9,000, tangu enzi za wawindaji na wavuvi. Wanaakiolojia kutoka Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Marekani waliuchimba udongo huo na kuutia majini. Mbegu zilizoungua zamani huwa nyepesi kama makaa, hivyo huelea juu zikaenguliwa. Mbegu zenyewe ndizo zilizopimwa umri kwa mbinu ya kaboni, si makaa yaliyokuwa karibu nazo, na jambo hili lina uzito kwa sababu mbegu ndogo huweza kuporomoka kutoka tabaka moja hadi jingine kupitia mashimo ya panya na mchwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 na Steven Goldstein, Natalie Mueller, Emmanuel Ndiema na wenzao. Zao kongwe kuliko yote waliyoyakuta lilikuwa kunde, yenye umri wa takribani miaka 2,300. Mtama na wimbi vilionekana katika tabaka za karibu miaka 1,000 iliyopita, na wimbi lilipatikana kwa mamia ya mbegu. Ilikuwapo hata njegere moja, imeungua lakini nzima, kitu ambacho hakuna aliyekitarajia.

Kunde haikufugwa Kenya. Asili yake ni Afrika Magharibi, na miongoni mwa mabaki yake ya kale zaidi yanayojulikana ni yale ya utamaduni wa Kintampo nchini Ghana, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Ilifikaje Kakapel? Hapa ndipo shahidi wa pili anapoitwa. Malcolm Guthrie, katika kazi yake kubwa ya ulinganishi wa lugha za Kibantu iliyotoka kati ya 1967 na 1971, na wanaisimu waliomfuata, waliorodhesha shina *-kunde* miongoni mwa mashina yaliyoenea katika lugha nyingi za Kibantu, kuanzia upande wa Kongo hadi mwambao wa Bahari ya Hindi. Shina *-lim-*, la kitenzi kulima, limeenea zaidi ya hapo. Mbukusu husema *khulima*, Mkikuyu *kurima*, Mzulu *ukulima*. Neno linapopatikana katika lugha zilizo mbali namna hiyo, likiwa na mabadiliko ya sauti yanayofuata kanuni, maelezo yaliyo mepesi ni kwamba wasemaji waliondoka nalo walikotoka. Waliokuja na neno walikuja na kitu.

Si kila lugha imelihifadhi jina hilo. Waganda huiita kunde *empindi*, na Wabukusu wana neno *likhubi* kwa majani yake yanayoliwa kama mboga. Tofauti hizi zinafunza kwamba kunde ni mazao mawili ndani ya mmea mmoja, punje na mboga, na kila upande unaweza kupata jina lake na historia yake. Hata hivyo, mwelekeo wa jumla ni ule ule: jina na mbegu vyote vinaelekeza kidole magharibi, na umri wa mbegu ya Kakapel unakaribiana na wakati ambapo wasemaji wa Kibantu wanadhaniwa kuwa walifika pande za Ziwa Viktoria.

Wimbi: nafaka yenye majina mengi

Kwa wimbi, mambo ni kinyume. Mmea uko nyumbani, majina ndiyo yasiyotulia.

Wanabotania wanakubaliana kwamba wimbi lilifugwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukanda unaoanzia Uganda hadi Ethiopia, kutokana na nyasi mwitu ambazo hadi leo huota katika ukanda huo. Kutoka hapa lilivuka bahari katika zama za kale hadi India, ambako huitwa *ragi* na kulimwa kwa wingi kuliko huku kwao. Mhindi wa Karnataka anayekula ragi anakula zao la Afrika Mashariki, sawa na vile Mkenya anayekula ugali wa mahindi anavyokula zao la Meksiko. Ukweli huu ungestahili kuwamo katika vitabu vya shule pamoja na Tigris na Euphrates.

Sasa yatazamwe majina. Kibukusu husema *bulo*. Luganda nayo husema *bulo*. Kikuyu na Kimeru husema *ugimbi*, ambalo bila shaka ni ndugu wa *wimbi* la Kiswahili. Tanzania hupendelea *ulezi*. Dholuo ina *kal*, Kiteso *akima*. Kwa nini zao lililozaliwa hapa halina jina moja la Kibantu kama kunde? Jibu lililo karibu ni kwamba wasemaji wa Kibantu hawakuja nalo. Walilikuta. Kila kundi lililipokea mahali pake, kwa wakati wake na kutoka kwa majirani wake. Christopher Ehret na David Schoenbrun, walioandika kwa kirefu kuhusu historia ya maneno katika eneo la Maziwa Makuu, wameonyesha kwamba msamiati wa nafaka na wa ng'ombe katika lugha za Kibantu za eneo hili umejaa maneno yaliyokopwa kutoka lugha za Kinilo-Sahara. Yaani Wabantu waliofika na kunde, viazi vikuu na *-lim-* walijifunza kilimo cha nafaka kwa watu waliokuwa wakinena lugha nyingine kabisa. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya Kakapel uliochapishwa mwaka 2020 unaafikiana na picha hiyo: waliozikwa pale katika nyakati mbalimbali hawakuwa wa nasaba moja.

Fauka ya hayo, maneno ya nafaka yana tabia ya kuhama kutoka punje hadi punje. Shina lile lile lililozaa *uwele* na *mawele* ya Kiswahili limezaa *amabele* ya Kizulu, ambayo ni mtama. Nalo umbo *ugimbi*, ambalo Mlima Kenya ni jina la nafaka, kwa Wahehe ni pombe, na kwa Wagogo *ujimbi* ni pombe vilevile. Anayetaka kujua watu walilima wimbi kwa ajili gani hana haja ya kwenda mbali kuliko neno hilo. Uji na ugali vilikuwapo, lakini nafaka inayoota kimea kizuri haraka namna ile ilikuwa na kazi nyingine pia. Kwa Wabukusu pombe ya wimbi ina nafasi yake katika tohara inayofanyika Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Hata busaa ya siku hizi, ambayo unga wake ni wa mahindi, huchachushwa kwa kimea cha wimbi. Mahindi yameingia chunguni, ila bila wimbi hayaivi kuwa pombe.

Mwanafunzi wa semantiki atakuwa amekwisha kugundua kwamba maneno yote mawili ya Kiswahili Sanifu yana homonimu. *Wimbi* ni nafaka na pia ni mkunjo wa maji ya bahari. *Ulezi* ni nafaka na pia ni kazi ya kulea mtoto. Upatanisho wa kisarufi hutenganisha jozi ya kwanza, kwa kuwa la bahari huwa *mawimbi* katika wingi. Jozi ya pili huachiwa muktadha. Haifai kukimbilia kudai kwamba nafaka iliitwa ulezi kwa sababu hulea watoto, hata kama kila mama anajua kuwa uji wake huwalea kweli. Utamu wa maelezo si ushahidi wa etimolojia.

Lipo jambo moja zaidi ambalo anayepalilia shamba la wimbi analijua kuliko profesa. Nyasi mwitu zilizo jamaa ya wimbi huota katikati ya shamba, na zikiwa changa hufanana nalo kiasi cha kumdanganya mgeni. Mwenye ujuzi huzitambua kwa rangi ya shina na ulalo wa majani. Jamaa hao wawili wanaweza hata kuchavushana, na mbegu zao zikachanganyika. Kwa maneno mengine, ufugaji wa wimbi ulioanza zama za kale haujaisha. Kila msimu wa palizi mtu ataamua tena ni lipi la kufugwa na ni lipi la mwitu. Kazi hii ya kuinama mchana kutwa, ambayo kwa desturi imewaangukia wanawake, ni sababu mojawapo kubwa ya wimbi kuachwa mahindi yalipofika.

Mahindi na mji wa Kitale

Mahindi yalifugwa Meksiko miaka 9,000 hivi iliyopita kutokana na nyasi iitwayo teosinte. Wareno waliyaleta mwambao wetu baada ya karne ya 15. Waswahili, walioona kila kigeni kikishuka kutoka majahazini, waliuita mmea huo *muhindi*, yaani wa India. Waitalia nao waliyaita mahindi *granoturco*, nafaka ya Waturuki, kwa kosa lile lile la kudhani kuwa aliyekileta kitu ndiye mwenye kitu. Tahajia yetu imejitahidi kutenganisha: *Mhindi* na *Wahindi* kwa watu, *muhindi* na *mihindi* kwa mimea. Jina hilo lilipanda bara pamoja na mbegu, na Kibukusu kikalipokea kwa kulivisha kiambishi chake: *kamaindi*. Hili ni tabaka la tatu na ni changa mno, halijatimiza hata miaka mia mbili. Mtu hahitaji kaboni kulijua. Linasikika.

Trans Nzoia ilipotwaliwa na walowezi wa Kizungu, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926, mahindi meupe yakawa zao la kuuzwa. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, ikizalisha kwanza mbegu za nyasi za malisho kwa ajili ya walowezi. Mwaka mmoja kabla yake, mtafiti Michael Harrison alikuwa ameanza kazi ya kuboresha mahindi katika kituo cha utafiti mjini humo. Harrison alisafiri hadi Amerika ya Kusini na ya Kati, chimbuko la mahindi, akarudi na sampuli za mbegu. Mojawapo, Ecuador 573, ilipochavushwa na mahindi ya Kitale ilizaa chotara aliyetolewa kwa wakulima mwaka 1964 kwa jina H611. Mavuno yake yaliyapita ya mbegu iliyotangulia kwa takribani asilimia 40. Wakulima wadogo wa Trans Nzoia na Bungoma waliipokea kwa kasi ambayo wachunguzi waliifananisha na ile ya wakulima wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940. Haikuwa ujinga wala kulazimishwa. Mahindi hayahitaji kupaliliwa kwa vidole, suke lake hujifunika lisiliwe na ndege, na mtoto aliyekuwa akishinda shambani kuwafukuza ndege aliweza sasa kwenda shule.

Lakini chotara ana sharti lake. Mbegu zake zikipandwa tena, watoto hutoka mchanganyiko na mavuno hushuka, hivyo mkulima hana budi kununua upya kila mwaka. Ufugaji wa kale uliufanya mmea umtegemee mkulima. Ufugaji wa Kitale umemfanya mkulima amtegemee mwuza mbegu. Si lawama, maana njaa nyingi ilizuiwa na mbegu hizo. Ni maelezo ya jinsi mamlaka juu ya mbegu yalivyohama kutoka ghalani hadi dukani.

Ugeni wa mahindi pia haujaisha. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka na kuyadhoofisha mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya, ni mwenyeji wa Afrika. Limeishi na mtama na wimbi kwa maelfu ya miaka, na nafaka hizo zimejifunza kwa kiasi fulani kulistahimili. Mahindi hayakupata muda huo, na yanapovamiwa huumia zaidi. Septemba 2011 ugonjwa hatari wa mahindi unaosababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja uliripotiwa Bomet kwa mara ya kwanza nchini, ukaenea hadi maeneo mengine. Mbegu nyingi zilizokuwa madukani hazikuwa na kinga. Wimbi, kwa upande wake, huweza kukaa ghalani miaka mingi bila kuliwa na wadudu, na lina madini ya kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100.

Mbegu na majina yake

Mbegu za kununua huitwa kwa herufi na tarakimu: H611, H614. Mbegu za kurithi huitwa kwa majina, na majina hayo hupokezanwa pamoja na mbegu, kutoka kwa mama mkwe hadi kwa mkaza mwana, kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Jina husema mbegu ni ya nani au ilitoka wapi, hukomaa lini, yafaa uji au pombe. Kamusi zetu zina *wimbi* na *ulezi*, lakini hazina majina ya aina zake. Benki ya Jeni ya Kenya iliyoko Muguga huhifadhi mbegu za wimbi katika baridi kali, na mbegu zinaweza kulala humo kwa miongo. Jina haliwezi kuhifadhiwa kwa baridi.

Sheria nayo ilikaribia kuukata mnyororo huu. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura 326, hasa baada ya marekebisho ya mwaka 2012, ilimweka mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa katika hatari ya kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Mwaka 2022 wakulima 15 walikwenda mahakamani kuipinga, na Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Machakos ikatamka kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kugawana mbegu vinakiuka Katiba. Hivyo mkulima wa Bungoma anayempa jirani kibaba cha bulo la kupanda anafanya leo kitendo kile kile kilichoifikisha nafaka hiyo Kakapel, na jirani, kabla ya kupokea, atauliza inaitwaje.